Picha Moja kwa Kila Boti

Wateja wengi wanaotaka niwakusanyie picha za maisha ya mtu hunijia wakiwa wamefiwa. Studio yangu iko Kisumu mjini, orofa ya kwanza, na siku zangu zenye shughuli ni Jumatano na Alhamisi, maana mazishi huku kwetu huwa Ijumaa au Jumamosi na kijitabu lazima kiwe kimechapwa kabla mwili haujatoka mochari. Mtu huingia na kitambulisho cha marehemu akaomba ile picha ya ukubwa wa stempu ijaze ukurasa. Mwingine huleta picha ya harusi yenye watu thelathini, akaweka kidole juu ya kichwa kimoja kisichozidi punje ya hindi: "Huyu hapa. Mtoe." Namtoa. Hutoka na ukungu usoni na nusu ya sikio la jirani yake.

Binti wa kisa hiki alikuja hivyo hivyo mwaka 2018, mama yake akiwa mochari. Ni mwalimu wa shule ya msingi Nakuru. Walikuwa wameipekua nyumba nzima wakapata picha tatu. Ya kwanza ni ya kitambulisho, kile kidogo kilicholetwa 1995 serikali ilipobadilisha vipande. Ya pili mama yuko kwenye sherehe, amejikinga jua kwa kiganja na uso wote umeingia kivulini. Ya tatu amegeuka kumwita mtoto, kinachoonekana ni kisogo na kitambaa cha kichwa. Miaka zaidi ya sitini, picha tatu, na moja kati ya hizo haina uso. Si ajabu kubwa. Kabla ya 1978 sheria ya kuandikisha watu haikuwagusa wanawake, kwa hiyo mwanamke wa rika lake aliweza kuolewa na kuzaa bila ofisi yoyote kumwelekezea kamera. Tulichapa kijitabu, na kile kisogo kikawa jalada la nyuma. Mpaka leo naona ndicho kilichofanana zaidi na mtu aliyeishi.

Wiki chache baadaye binti akarudi. "Baba bado yuko," akasema. "Sitaki nije kwako tena nikiwa na kitambulisho."

Naandika kisa hiki kwa ruhusa ya mzee na ya binti, bila majina na bila picha. Sababu yangu ni kwamba nilikosea kwenye jambo ambalo sisi wapiga picha hulipita mbio: kuamua picha ipigwe kila baada ya nini. Kamera tunaijadili mpaka koo zikauke. Kalenda hatuijadili.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi

Binti alikuwa na mfano kwenye simu yake. Mpiga picha wa Marekani, Nicholas Nixon, alianza 1975 kumpiga picha mkewe pamoja na dada zake watatu, wanne wakisimama kwa mpangilio ule ule, mwaka baada ya mwaka kwa zaidi ya miaka arobaini. Ukizipitisha haraka kwa kidole unaona nyuso zikikomaa kama ndizi kwenye karai. Binti alitaka hivyo hivyo kwa baba yake, ila kwa kasi zaidi, kila mwezi, kwa sababu kifo cha mama kilikuwa kimemtia haraka.

Siku ya kuzaliwa haikutufaa. Kitambulisho cha mzee kinasema tarehe 1 Januari, tarehe waliyogawiwa wazee wengi ambao karani hakuwa na lingine la kuwaandikia. Mwenyewe anajua tu kwamba alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi mvua za uhuru ziliponyesha mwaka 1961. Basi tukachagua Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi. Binti alilipia mwaka mzima, tukapeana mikono, nami nikaridhika kwamba nimepata kazi safi.

Mzee ni fundi wa boti, zile za mbao wanazovulia omena na mbuta. Kibanda chake kilikuwa kwenye bichi moja upande wa Dunga: nguzo sita, mabati, na mkuyu mkubwa ubavuni. Jumamosi ya kwanza nilimkuta ameinama juu ya ubao, anapiga randa.

"Karibu, japicha. Nani amekutuma?"

"Ni mwalimu, mzee. Binti yako. Anataka tukupige picha kila mwezi."

"Kila mwezi." Randa iliendelea. "Mama yao hajamaliza mwaka. Kijitabu changu kimeshaanza kuchapwa?"

Sikuwa na jibu, na nilipolipata usiku kitandani lilikuwa halifai tena. Kwa heshima ya bintiye alikubali. Akaingia ndani akatoka na koti, akafunga vifungo vyote, akasimama mbele ya ukuta mikono ikining'inia, macho kwenye lenzi. Mwezi wa pili koti lile lile. Wa tatu pia. Mwezi wa nne kijana wake wa kazi akaniambia mzee ameenda kutafuta mbao. Wa tano, ameenda kutafuta mbao. Wa sita sikuuliza.

Zile tatu ninazo bado. Mwanga mzuri, uso umetulia, na ukiziweka mezani mtu yeyote wa hapa atauliza mazishi ni lini. Hakuna alama ya kazi yake ndani yake, hata vumbi la mbao mabegani, kwa sababu koti lilikuja kulifunika. Tulikuwa tumeenda kumwokoa mtu na picha ya kitambulisho, tukampiga picha ya kitambulisho mara tatu.

Siku isiyokuwa kwenye kalenda

Kilichoniokoa ni deni. Kulikuwa na mtu wa bichi ile ile niliyemdai pesa za picha za harusi, nikaenda kumtafuta siku ya kazi, asubuhi. Kamera ilikuwa begani kwa mazoea tu. Mzee alikuwa amemaliza boti ya futi 28 alfajiri hiyo, rangi bado ina unyevu, na mwenye boti amekaa juu ya ndoo akisubiri vijana wa kuisukuma majini.

Akaniona. "Hiyo mashine inafanya kazi siku za kawaida?"

"Inafanya, mzee."

"Basi nipigie hii boti kabla haijaondoka. Ikishaingia majini siioni tena, watu wanaipeleka Homa Bay huko, wanaipaka rangi nyingine."

Nikamwomba asimame karibu na omo, pua ya boti, ili picha ionyeshe ukubwa wake. Hilo lilimwingia akilini mara moja, ni jambo la kipimo. Akaegemeza kiganja kwenye mbao na kugeuka. Hakuvaa koti. Kisha akasema ngoja, akaokota kipande cha ubao, akaandika kwa chaki jina la mwenye boti, futi 28, na tarehe, akakisimamisha mchangani miguuni pake. Nilipompelekea picha iliyochapwa alitoa pesa mfukoni mwake. Nilimwambia mwalimu ameshalipa. Akasema mwalimu amelipia koti.

Nitaieleza picha hiyo kwa sababu ndiyo iliyogeuza kazi nzima. Mzee yuko kushoto, boti inakata fremu kutoka kulia. Penseli ya fundi iko juu ya sikio, imechongwa kwa kisu. Suruali ina kiraka gotini kilichoshonwa kwa uzi wa nyavu. Mkono ulioegemea omo una kidole cha shahada kisicho na ukucha. Tezo, kile chombo cha kuchongea mbao, iliuchukua akiwa kijana, alinieleza baadaye huku akicheka. Nyuzi za pamba bado zimechungulia kwenye ungio moja ambalo kalafati ya kuzuia maji haikukaa vizuri. Mzee aliliona hilo kwenye picha kabla yangu, akachukia, akataka nilifute. Nilikataa, tukakatiana maneno kidogo, mwisho akasema liache, limfundishe kijana. Kuhusu uso, hatazami kamera. Anatazama mahali ambapo mbao mbili zinakutana.

Toka siku hiyo kanuni ikawa yake: boti ikimalizika, kabla haijagusa maji, ananipigia simu. Picha moja. Ubao wa chaki lazima. Binti mwanzoni hakufurahi. Alihofia kwamba fundi anaweza kukaa miezi bila boti, na hofu yake ilikuwa ya haki, kama itakavyoonekana. Nilimwomba atupe mwaka.

Mambo mawili niliyoharibu mwenyewe

La kwanza ni umbali. Boti ya kwanza nilipiga kwa lenzi ndefu nikiwa mbali. Ya pili nilikuwa na haraka nikatumia simu, nikamkaribia. Ya tatu sijui nilisimama wapi. Nilipoziweka pamoja mzee alionekana watu watatu tofauti. Kamera ikiwa karibu na uso, pua hukua na masikio hurudi nyuma. Ikiwa mbali uso hulala bapa na kupanuka. Watu huilaumu lenzi, lakini kinachofanya hivyo ni umbali. Mtu anayefuatilia uso mmoja kwa miaka asipoushika umbali, atakuwa anarekodi hatua zake mwenyewe. Nilimweleza mzee kwa aibu. Akatoa futikamba yake, akapima futi kumi na mbili kutoka omo, akapigilia kigingi. "Simama hapo. Hata mimi silengi mkuku kwa macho." Mkuku ndio uti wa chini wa boti.

La pili lilinishtua zaidi. Desemba moja binti aliniandikia kutoka Nakuru akiuliza kama baba ni mgonjwa na wanamficha. Kwenye picha mpya mashavu yameingia, mikunjo imekatika kama mifereji. Nilimpigia mzee simu: mzima, amekula, anagombana na muuza misumari. Nikaweka picha ya Juni na ya Desemba ubavu kwa ubavu, zote za saa nne asubuhi, nikaona ujinga wangu. Kisumu iko kama kilomita kumi tu kusini mwa ikweta; ukienda Maseno umeshafika kwenye mstari. Huku jua haliendi upande mmoja mwaka mzima. Kutoka mwishoni mwa Machi hadi Septemba hupita kaskazini yetu, halafu miezi iliyobaki hupita kusini. Mzee alikuwa anasimama ameelekea kaskazini kila mara. Juni saa nne jua lilimpiga usoni kwa mbele na kuijaza mikunjo yote. Desemba lilitoka nyuma ya bega, likamlamba shavu kwa pembeni, na kila mkunjo ukapata kivuli chake. Tulimzeesha miaka kumi kwa kuugeuza mwezi.

Dawa yake ni rahisi na inafaa kila mtu wa kanda hii: piga mapema, kabla jua halijachomoza au likiwa bado nyuma ya miti, anga lote likiwa taa moja kubwa laini. Kwa kuwa tuko ikweta, jua huchomoza karibu saa ile ile mwaka mzima, tofauti haizidi kama nusu saa, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu ya leo ni ndugu ya saa kumi na mbili na nusu ya miezi sita ijayo. Mpiga picha wa Ulaya hana bahati hiyo. Ubaya wake ni kwamba lazima uamke.

Ukuta

Mzee alizipigilia picha zake kwenye ubao ndani ya kibanda, misumari minne kila moja. Nilimshauri aziweke kwenye albamu, akaniuliza mteja ataionaje albamu. Nikanyamaza. Wavuvi walioingia walisimama mbele ya ubao ule wakanyoosha kidole: nataka kama hii, ila tumbo liwe pana kidogo. Picha zilikuwa zimeingia kazini. Nadhani hapo ndipo suala la mazishi lilipotoweka kichwani mwake, hatukulizungumza.

Gharama yake ilikuwa rangi. Zile zilizokaa upande wa mlango, jua la asubuhi likizipata kila siku, zilichujuka ndani ya mwaka mmoja na nusu, nyekundu ya kwanza kuondoka, boti zikabaki za kibuluu cha maziwa. Za upande wa ndani zilibaki nzuri, isipokuwa mbili zilizogandamana kwa unyevu. Tulikubaliana nichape mbili za kila boti: moja ya kufa ukutani, moja ya kuishi kwenye bahasha kavu nyumbani kwa shemeji yake mlimani, mbali na ziwa.

Faili zenyewe nilikuwa naziweka kwenye diski mbili, moja studio na moja nyumbani, baada ya kuifuta kadi ya kamera nikiwa na picha ya boti ya tatu ambayo haijanakiliwa. Hiyo imebaki kwenye karatasi tu. Binti yeye aliweka zote kwenye simu, simu ikanyakuliwa stendi ya Nakuru, akaziomba upya kwa kaka yake aliyekuwa ametumiwa kwa WhatsApp. Zilirudi zikiwa zimebanwa, ndogo, na zote zikiwa na tarehe moja: siku aliyozipokea. WhatsApp ikituma picha kama picha huitoa ile taarifa iliyofichwa ndani ya faili, saa na siku ya kupigwa. Kwa simu yake, baba alikuwa ametengeneza boti zote Jumanne moja. Lakini tarehe zilikuwepo, kwa chaki, miguuni pa mzee, zinasomeka hata kwenye picha iliyobanwa. Nimesoma mengi kuhusu kuhifadhi faili na sikuwahi kukutana na njia iliyo bora kuliko ule ubao.

Mwaka wa maji

Mvua za mwishoni mwa 2019 hazikukoma walivyozoea watu. Ziwa Victoria likapanda wiki kwa wiki, na Mei 2020, kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, likapita kidogo rekodi ya 1964. Mzee aliijua rekodi hiyo bila kipimo. Maji yalipokuwa bado mbali alinionyesha mkuyu. "Yalifika pale, baba yangu akifunga boti kwenye mzizi ule. Yatafika." Yalifika, yakaupita. Kigingi changu kikazama, kibanda kikaingia maji mpaka magotini, mzee akahamisha nguzo na mabati hatua kama arobaini kuelekea barabarani.

Ilimalizika boti moja tu mwaka ule. Alipoita nilijikuta na swali ambalo sikuwa nimelifikiria: nishike umbali kutoka kwa mtu, au nishike mahali? Futi kumi na mbili zilipatikana juu kwenye nchi kavu, lakini mkuyu ulikuwa umetoka kwenye fremu, na mkuyu ndio ulioonyesha kwamba picha hizi zote ni za pahali pamoja. Nikapiga ya mzee na boti kwa futi kumi na mbili kama kawaida. Kisha nikavua viatu nikarudi kilipokuwa kigingi, maji kiunoni, kamera juu ya kichwa.

"Huko hakuna boti," mzee akanipigia kelele. "Unapiga nini?"

"Mahali, mzee."

"Toka. Viboko wameshaanza kuja hapo."

Nilipiga moja nikatoka mbio. Ina nguzo mbili zilizosahaulika, maji ya rangi ya chai, magugu, na mkuyu umesimama ziwani. Hakuna mtu. Binti anaishi na hiyo ukutani Nakuru mpaka leo, na hajaniomba yoyote ya baba yake kwa ukubwa huo.

Picha iliyosababisha ugomvi ni nyingine. Mwezi ule ule nilikuwa nimempiga mzee bila mpango akitoa zana kwenye kibanda kilichofurika, suruali imekunjwa, randa mkononi. Nilimtumia binti, binti akamtumia kaka, na kaka, ambaye yuko Nairobi na nina hakika hakuwa na nia mbaya, akaiweka kwenye bango la mchango: msaidieni mzee wetu aliyepoteza kila kitu. Likazunguka makundi yote. Mzee akaanza kupokea simu za pole. Alizivumilia. Asichovumilia ni mteja aliyekuwa ametoa malipo ya awali ya boti ya futi 24, ambaye aliona bango, akaamini kazi imekufa, akaja kudai pesa zake.

"Mimi si wa kuombewa," aliniambia, na hakuniita japicha siku hiyo. Boti iliyofuata hakunipigia simu. Nilisikia imeshaingia majini.

Nani mwenye picha

Tulikaa kikao chini ya mabati mapya: mzee, binti aliyesafiri kutoka Nakuru, kaka kwenye simu iliyowekwa juu ya ndoo, na mimi. Nilikuwa nimeenda kumwuliza wakili mmoja mteja wangu, na jibu lake lilinishangaza, kwa hiyo nalieleza kama nilivyolieleza pale.

Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmeandikiana vinginevyo. Wapiga picha wengi mjini hapa hawalijui hili na hutembea wakidhani kila walichobonyeza ni chao. Kwa maana hiyo picha tatu za koti ni za binti, aliyeagiza na kulipa. Za boti ni za mzee, kwa sababu aliagiza mwenyewe na kunilipa mwenyewe, tangu ile ya kwanza aliyokataa ilipiwe na mwalimu. Ile ya mafuriko haikuagizwa na mtu, kwa hiyo ni yangu. Ila hakimiliki haimalizi neno. Ibara ya 31 ya Katiba (namba zimegongana tu) inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu sura inayomtambulisha mtu kuwa taarifa yake binafsi. Kuwa mwenye picha hakukunipa ruhusa ya kuitawanya, na kaka hakuwa hata mwenye picha.

Kaka aliomba radhi. Alisema alidhani anasaidia. Mzee akamjibu kwa Kijaluo maneno ambayo binti alikataa kunitafsiria.

Kisha mzee akataka jambo moja lihakikishwe. "Kwa hiyo boti nimetengeneza mimi na picha za boti ni zangu."

"Ni zako, mzee."

"Na ile ya maji?"

Nilimpa. Niliifuta kwenye diski zote mbili mbele yake, siku ya pili, studioni. Alipanda ngazi kuja kushuhudia. Kama mtunza kumbukumbu nilijisikia vibaya, kwa sababu ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizompiga. Uzuri wake wote ulikuwa upande wangu.

Tuliandika ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, kila mtu akatia sahihi: za boti zinaruhusiwa kuonyeshwa kwa wateja na kwa familia, hakuna ya kuomba msaada, hakuna ya mtandaoni bila yeye kusema ndiyo kwa picha hiyo hiyo. Binti akanitazama, mimi nikatazama karatasi, hakuna aliyetaka kuuliza swali lililobaki. Mzee akaliuliza mwenyewe. "Na siku yangu ikifika?" Akajijibu huku akitafuta miwani. "Chukueni ya boti ya kwanza. Zile za koti msithubutu."

Ile boti isiyo na picha tulihangaika nayo. Ubao wake wa chaki ulikuwepo, mzee alikuwa ameuandika kwa mazoea kisha akauacha kona. Nikaupiga picha peke yake, umeegemea mabati, nikauweka mahali pake kwenye mfuatano.

Mfuatano unavyosomeka sasa

Watu wakiona bahasha hutafuta uso, na uso hauna habari kubwa. Mzee amezeeka kama wazee wanavyozeeka. Habari iko kwenye mbao na kwenye nafasi.

Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma, na marufuku hayo yalikaa hadi 2023. Mzee alikuwa akinunua mbao za misitu hiyo. Bei zikapanda mpaka akaacha kuuliza. Kumbe zile Jumamosi alizokuwa "ameenda kutafuta mbao" hakuwa ananikwepa tu. Kwenye picha boti za kwanza zina mbao za rangi moja kutoka omo hadi tezi. Ukifika ya sita unaanza kuona ubao mmoja mweusi kati ya weupe. Ya nane ni mabaka matupu: amevunja boti kuukuu na kutumia mbavu zake, unaona hata matundu ya misumari ya zamani yaliyozibwa. Binti, ambaye alikuwa amezitazama mara mia kumtafuta baba, hakuwahi kuziona mbao mpaka nilipomwonyesha.

Nafasi nazo. Mwaka wa kwanza boti tano. Wa pili tatu. Wa maji moja. Baadaye moja, mbili, moja. Kama tungeshika Jumamosi ya mwisho wa mwezi ningekuwa na picha zaidi ya sabini zilizopangana kama vigae, na usingejua ni mwezi upi mzee alikuwa na kazi na upi alikaa kwenye ndoo akisubiri mbao. Ukimya wa miezi tisa ungejazwa picha tisa. Hofu ya binti kwamba kutakuwa na mapengo ilitimia, na mapengo ndiyo yaliyoniambia jinsi mzee alivyoishi miaka hii. Bado namwelewa aliyetaka kila mwezi. Hakuna mtoto anayependa kusubiri miezi tisa kuuona uso wa baba yake, na ndiyo maana siku hizi anampigia simu ya video kila Jumapili na picha zangu ameziacha zifanye kazi yake.

Mei 2024 ziwa lilipanda tena, akahamisha kibanda mara ya pili. Kigingi sasa ni cha tatu, na mkuyu kwenye fremu ni kitu kidogo cha kijani kona ya juu. Kijana wa kazi amekuwa fundi kamili na ndiye anayepiga tezo. Mzee anakaa karibu na kumsahihisha, penseli bado sikioni.

Nilipita wiki jana. Mkuku umelazwa, mbavu nne zimesimama, nyingine zimeegemezwa ukutani tangu kabla ya mvua. Mwenye boti ameishiwa. Binti alikuwa ameniomba, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, nimpige baba hata kama boti haijaisha, nami nilibeba kamera kwa ajili hiyo.

"Bado," mzee akasema nilipoishusha begani. Aliinama chini ya benchi akatoa ubao mpya, umepigwa randa, haujaandikwa kitu. Akaufuta vumbi kwa mkono, akaurudisha chini ya benchi, akanituma nimletee chaki safari ijayo, za kibandani kwake zimelowa.